Kabla ya Waya: Kinywa cha Mtoto Kati ya Miaka 6 na 12

Wazazi wanaonijia na suala la mpangilio wa meno ya watoto wao karibu wote huanza kwa kuuliza mtoto afungwe waya akifika umri gani. Ni swali la haki, na jibu lake fupi ni kwamba watoto wengi wanaohitaji waya hufungwa kati ya miaka 11 na 14, meno ya utotoni yakiwa yameisha au yanakaribia kuisha. Hata hivyo, kazi yangu ya utabibu wa meno nimeifanyia katika hospitali za wilaya, mbali na kliniki za mabingwa, na huko nimezidi kusadiki kwamba swali hilo huulizwa wakati mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Ukubwa wa taya na ukubwa wa meno mtoto huurithi, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini zipo kasoro nyingi ambazo mtoto hakuzaliwa nazo. Zilijengeka kidogo kidogo tangu mwaka wake wa kwanza hadi wa kumi, mara nyingi kutokana na uamuzi wa haraka uliofanywa akiwa ameketi kwenye kiti cha kung'olea meno.

Huduma ya mapema, kwa jinsi ninavyoielewa, si kuwafunga watoto wadogo waya. Ni kutazama mapema, kulinda nafasi za meno yatakayokuja, na kuwatambua wale wachache ambao kwao kusubiri ni hasara. Chama cha Marekani cha madaktari bingwa wa kupanga meno hupendekeza mtoto atazamwe na bingwa kabla hajavuka miaka 7. Huku kwetu mabingwa hao ni wachache mno, wengi wao wako katika miji mikubwa, na sitarajii kila mtoto wa Kilosa au Masasi apandishwe basi kwenda Dar es Salaam akitimiza miaka 7. Ila sababu ya kuchagua umri huo inatuhusu sote. Katika miaka 6 hadi 7 magego ya kwanza ya ukubwani yanakuwa yameota nyuma ya meno yote ya utotoni, na meno ya mbele yanaanza kubadilishwa. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuona jinsi taya ya juu na ya chini zinavyokutana, na kukadiria kama meno yajayo yatapata pa kukaa.

Nianze na yale magego ya kwanza, kwa sababu ndiyo meno yasiyothaminiwa kuliko yote vinywani mwa watoto wetu. Gego hili haliangushi jino lolote ili litoke. Huota kimyakimya mwisho wa safu, na mzazi ambaye hajaona jino likitoka huamini kwamba gego hilo nalo ni la utotoni na litabadilishwa. Halibadilishwi. Edward Angle, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1899 alitoa mgawanyo wa kasoro za mpangilio wa meno unaotumika hadi leo, alilifanya gego hilo kuwa kipimo chake: aliangalia gego la juu linavyoliangukia la chini, na kutoka hapo akaziweka kasoro zote katika madaraja matatu. Jino lililopewa heshima ya namna hiyo na wataalamu, mimi hulikuta limetoboka kwa mtoto wa miaka 8, mashimo yake yamejaa mabaki ya ubuyu wa sukari na biskuti, na mama yake ananiambia kwamba walikuwa wakisubiri lidondoke.

Jino hilo likiwa limeharibika kiasi cha kutoponeka, bado kuna wakati mzuri na wakati mbaya wa kuling'oa, jambo ambalo hata baadhi yetu watoa huduma hatulizingatii. Likitolewa mtoto akiwa na takriban miaka 8 hadi 10, wakati gego la pili bado limo ndani ya mfupa na mizizi yake ndiyo kwanza inaanza kugawanyika, gego hilo la pili mara nyingi husogea mbele likichomoza na kuchukua nafasi ya la kwanza, hasa katika taya ya juu. Likitolewa mtoto akiwa na miaka 13, gego la pili huwa limekwisha kuota. Litainama kwenye pengo, meno ya jirani yatasogea kila moja kwa mwelekeo wake, na pengo litabaki bila kuzibika vizuri. Jino ni lilelile na koleo ni lilelile, ila tofauti ya miaka michache humwachia mtoto mmoja safu iliyofungana na mwingine safu iliyovurugika.

Sasa nije kwenye meno ya utotoni yenyewe. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na kauli ninayoisikia kuliko zote ni kwamba hayo hayana haja ya kuhangaikiwa, kwa kuwa yatang'oka yenyewe. Ni kweli yatang'oka, lakini si yote kwa pamoja. Yale ya mbele huanza kudondoka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, ilhali magego ya utotoni hubaki mpaka miaka 10, 11 au hata 12. Gego la pili la utotoni linalotolewa mtoto akiwa na miaka 5 lilikuwa na kazi ya kufanya kwa miaka mingine mitano au sita. Kazi hiyo si kutafuna tu. Linalizuia gego la kwanza la ukubwani lisisogee mbele. Likiondoka, gego hilo husogea, kwa sababu magego yana tabia ya asili ya kusukumana kuelekea mbele, na nafasi inayopotea ni ile ya gego dogo la ukubwani, mrithi wa jino lililotolewa, lililokuwa likitengenezwa ndani ya mfupa.

Kuna hesabu nzuri hapa ambayo ningependa kila mzazi aijue. Chonge na magego ya utotoni, ukiyapima kwa pamoja kila upande, ni mapana kuliko chonge na magego madogo yatakayochukua nafasi zake. Akiba hiyo, iliyoelezwa na daktari wa Marekani Hayes Nance katika miaka ya 1940, ni takriban milimita 1.7 kwa kila upande wa taya ya chini na takriban milimita 0.9 kwa kila upande wa taya ya juu. Kwa macho ni kidogo. Lakini kwa mtoto ambaye meno yake ya mbele ya chini yamebanana kwa milimita tatu, pande mbili za taya ya chini zina akiba inayotosha kuyanyoosha, ili mradi akiba hiyo ilindwe kwa waya mwembamba unaopita nyuma ya meno ya chini kutoka gego hadi gego. Ukiyang'oa magego ya utotoni mapema bila kulinda nafasi, akiba hiyo umekwisha kuitumia, na juu yake umeingia kwenye deni.

Nilimtibu msichana wa miaka 9 ambaye gego lake la pili la utotoni, upande wa chini kulia, lilikuwa limeng'olewa kabla hajaanza shule. Ukiangalia haraka hukuona tatizo. Wala pengo halikuonekana. Nilipokausha fizi kwa pamba na kuvuta shavu pembeni, niliona gego la kwanza la ukubwani limelala mbele, bega lake limeegemea gego la utotoni lililobaki, na kati yao ukapita kwa shida ubapa wa kifaa changu cha kuchokonolea. Eksirei ilionyesha gego dogo likiwa chini yao, limekamilika kichwa, mzizi wake unakua, na juu yake hakuna njia: kama abiria aliyekata tiketi akakuta kiti kimekaliwa. Jino la namna hiyo lina mawili, kubaki ndani au kuchomoza pembeni upande wa ulimi, ambako chakula hunasa na mswaki haufiki. Kulirudisha nyuma gego lililoinama kunawezekana, lakini kunataka bingwa, muda na fedha ambazo familia ile haikuwa nazo.

Ndiyo maana mazungumzo yangu na walezi kwenye kiti hicho huwa marefu. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 6 akiwa ameshika shavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijaketi akaniambia:

"Mng'oe tu huyu mtoto, usiku halali. Si la utotoni hilo? Litaota jingine."

"Litaota, bibi, lakini ni baada ya miaka mitano. Tukiling'oa leo, la nyuma litasogea likae hapo, na hilo jipya litakosa njia."

"Kwa hiyo tumwache na maumivu?"

"Hapana, bibi. Maumivu tunayaondoa leo leo. Jino ndilo tunalolibakiza."

Tunalibakiza namna gani? Ikiwa uozo umefika kwenye kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, lakini mizizi bado ni mizima, mtoto huchomwa ganzi, sehemu ya juu ya kiini huondolewa, dawa huwekwa juu ya kiini kilichobaki kwenye mizizi, na jino huzibwa. Likiwa limemomonyoka sana huvalishwa kofia ya chuma cha pua. Ikiwa jino haliokoleki, kwa mfano usaha umeshuka mpaka mfupani, basi linang'olewa na kifaa cha kutunza nafasi kinawekwa: pete ya chuma inayovalishwa jino la nyuma ya pengo, ikiwa na kitanzi cha waya kinachoegemea jino la mbele ya pengo. Si kifaa cha anasa. Mteknolojia wa maabara ya meno anakitengeneza kutokana na alama ya meno iliyochukuliwa siku hiyo, na hakimuumi mtoto. Kinachotakiwa ni mlezi kumrudisha mtoto kila baada ya miezi sita ili tuone kama gundi imeshika na kama jino jipya limeanza kuchungulia, maana siku linapochungulia kitanzi lazima kitoke, kisije kikalizuia jino ambalo kiliwekwa kwa ajili yake.

Inaniuma kusema kwamba katika vituo vingi hakuna kimoja wala kingine, si dawa ya kiini wala pete, na kung'oa ndiyo huduma pekee anayoikuta mtoto. Mtoa huduma mwenye koleo na ganzi tu hawezi kulaumiwa kwa kutumia alichonacho. Lakini naamini kabisa kwamba chuma kidogo, gundi na saa moja ya mteknolojia ni vitu ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvimudu, na faida yake ingeonekana kwa watoto wengi kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta karibu asilimia 64 yao wana angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno, na ukaona uhusiano kati ya kuoza kwa meno na baadhi ya kasoro hizo. Si kila kasoro katika asilimia hiyo inahitaji matibabu. Nyingine ni mwanya tu. Hata hivyo kasoro iliyoonekana kwa wingi kuliko zote, ile ya mstari wa kati wa meno ya juu kutolingana na ule wa chini, ndiyo ninayoiona mara kwa mara kwa watoto waliopoteza jino la utotoni upande mmoja: meno ya mbele huhamia kwenye pengo, na tabasamu lote linavutwa upande.

Upotevu wa mapema kuliko wote hutokea hata kabla jino halijaota. Nazungumzia yale yanayoitwa meno ya plastiki, na sehemu nyingine meno ya nailoni. Mtoto wa miezi michache anaharisha na ana homa. Mtu anamfungua kinywa, anaona fizi mahali pa chonge zimevimba kidogo na ni nyeupe, na anaambiwa kwamba hayo ndiyo yanayomuumiza. Fizi hukatwa kwa spoku ya baiskeli, kisu au kucha, na kinachotolewa ni kichipukizi cha chonge ya utotoni, laini na cheupe kwa sababu hakijakomaa. Mtoto anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa maambukizi, na hilo ndilo la kwanza la kuogopwa. Ugonjwa uliomletea homa na kuharisha, ambao pengine ni malaria au maambukizi ya tumbo, unakuwa haujaguswa. Anayepona huwa na kovu la aina nyingine. Chonge za utotoni hazipo, na kwa kuwa kichipukizi cha chonge ya ukubwani kimelala karibu kabisa na pale palipochimbwa, chonge hiyo nayo huota ikiwa na umbo baya, au inaota mahali pasipo pake, au haioti kabisa. Nimewaona watoto wa miaka 10 walioletwa kwa sababu ya "meno yaliyokaa vibaya", na nilipomuuliza mama kama mtoto alitolewa meno ya plastiki alipokuwa mchanga, alitazama chini akaitikia. Desturi hii ipo Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan, Ethiopia na kwingineko. Kwangu mimi, kumwelekeza mama mwenye mtoto anayeharisha atumie maji ya chumvichumvi na aende zahanati ni sehemu ya kazi ya kupanga meno, ingawa itapita miaka kumi kabla matokeo yake hayajaonekana kinywani.

Baada ya kulinda nafasi, kuna watoto ambao kweli wanahitaji kifaa mapema. Si wengi. Wa kwanza ni yule ambaye jino moja la mbele la juu limeota nyuma ya meno ya chini. Mzazi huliona kama dosari ya sura, kumbe hasara yake iko chini: kila mtoto anapouma, jino hilo la juu hulisukuma la chini nje, na fizi ya jino la chini hushuka. Mvulana mmoja wa miaka 8 alikuja akiwa na jino la chini lililoonekana refu kuliko wenzake. Halikuwa refu, bali fizi yake ilikuwa imeteremka mpaka mzizi ukaanza kuonekana. Jino la juu likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na likiwa na nafasi ya kutosha, wakati mwingine kijiti bapa cha mbao, kilekile tunachokandamizia ulimi, kinatosha: mtoto anakiegemeza nyuma ya jino la juu na kuking'ata kwa upole mara nyingi kwa siku, mama akimsimamia. Likiwa limekwisha kushuka na kufungwa na lile la chini, sahani ya plastiki ngumu yenye springi ndogo hulisukuma nje, mara nyingi kwa muda wa miezi michache. Halafu kazi imekwisha, maana jino lililovuka linashikiliwa na jino la chini lenyewe.

Wa pili ni yule ambaye taya yake ya juu ni nyembamba, magego ya juu yakaangukia ndani ya yale ya chini, na ili aweze kutafuna analazimika kuitelezesha taya ya chini upande mmoja. Mwambie afungue kinywa, kisha afunge polepole. Utaona kidevu kinaanza katikati na kuishia pembeni. Taya inayokua huku ikitelezeshwa hivyo kila siku inaweza kukua ikiwa imepinda. Kwa mtoto mdogo kaakaa linaweza kupanuliwa kwa kifaa, kwa kuwa mshono wa mfupa katikati ya kaakaa bado haujafungana. Katika ujana unazidi kukaza, na kwa mtu mzima mara nyingi upasuaji unahitajika.

Wa tatu ni yule ambaye taya yake ya juu imebaki nyuma, meno yote ya mbele ya chini yakawa mbele ya yale ya juu. Kipo kifaa cha kuvaa usoni, kinachoegemea paji la uso na kidevu na kuivuta taya ya juu mbele kwa mipira, na hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafika miaka 10. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watoto kwa miaka 6 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokivaa, walioonekana kuhitaji upasuaji wa taya baadaye walikuwa wachache kuliko miongoni mwa wenzao ambao hawakukivaa. Mtoto wa namna hii akichelewa, mlango mmoja unakuwa umefungwa, na ndiye ambaye safari ya kwenda kwa bingwa isiahirishwe kwa ajili yake.

Kuhusu meno ya juu yaliyotokeza nje, nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu hapa wazazi wenye uwezo wanaweza kuuziwa matibabu ya mara mbili. Majaribio yaliyofanyika North Carolina, Florida na Uingereza, ambayo yamejumuishwa katika mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalilinganisha watoto waliotibiwa kwa awamu mbili, moja utotoni na nyingine katika ujana, na waliosubiri wakatibiwa mara moja tu katika ujana. Mwishowe meno yao yalikutana sawasawa. Kuanza mapema hakukuleta matokeo bora zaidi. Faida moja tu ilibaki: waliotibiwa mapema walivunjika meno ya mbele kwa uchache zaidi. Faida hiyo si ndogo kwa mtoto anayecheza chandimu kwenye uwanja wa mawe, na ikiwa midomo yake haifungiki juu ya meno, au anadhihakiwa shuleni mpaka anaziba mdomo kwa kiganja anapocheka, mimi huunga mkono kuanza mapema. Kwa wengine nawaambia wazazi waweke akiba ya fedha, wasubiri.

Kusubiri nako ni huduma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwazuia watu wasiguse kisichohitaji kuguswa. Meno ya chini ya mbele yakichomoza nyuma ya yale ya utotoni, mtoto akawa na safu mbili, familia hushtuka. Kwa kawaida lile la utotoni linalegea na kutoka, mtoto analirusha juu ya bati kama desturi ilivyo, na ulimi unalisukuma jipya mbele. Ni pale tu jino la zamani linapogoma kulegea ndipo hung'olewa. Kadhalika, mtoto wa miaka 8 au 9 mwenye meno ya mbele ya juu yaliyotawanyika kwa nje na mwanya mpana katikati hana ugonjwa. Chonge zilizo juu ndani ya mfupa zinaibana mizizi ya jirani zake, na zikishashuka, mwanya mara nyingi hupungua au kufungana. Ukibaki, tukumbuke kwamba mwanya kwetu ni uzuri uliosifiwa tangu zamani, na sioni sababu ya kumfunga mtu waya kwa ajili yake asipotaka mwenyewe. Ila nawasihi wazazi: msimruhusu mtoto afunge mpira mdogo kwenye meno mawili ili kuziba mwanya. Mpira hupanda taratibu kando ya mizizi, chini ya fizi, unakata kila kinachoyashikilia meno mfupani, na mtoto anaweza kuyapoteza yote mawili.

Kunyonya kidole nako kuna muda wake. Mtoto akiacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, kwa wengi nafasi iliyoachwa na kidole kati ya meno ya juu na ya chini hujifunga yenyewe. Akiendelea baada ya hapo, taya ya juu huwa nyembamba na meno hutokeza. Shubiri na pilipili kwenye kidole sizipendekezi. Huyaumiza macho yanapofikichwa, na humfanya mtoto ajifiche. Kumsifu kwa usiku aliolala bila kidole, na kumvalisha soksi mkononi kwa ridhaa yake mwenyewe, kumewasaidia wengi zaidi niliowaona.

Kilichobaki ni chonge za juu, na hizi ndizo zinazonifanya nitake mtoto aonekane kwa mara ya pili. Chonge ya juu husafiri mbali kuliko jino lolote. Huanza juu karibu na pua na kufika mahali pake mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Akiwa na miaka 9 hadi 10, kidole cha shahada kikipitishwa juu ya fizi, kati ya mdomo na mfupa, hupaswa kukutana na uvimbe mgumu kila upande, mdogo kama punje. Ukihisi mmoja na mwingine huuhisi, chonge moja huenda imeelekea kwenye kaakaa, ambako inaweza kuula mzizi wa jino la jirani bila maumivu yoyote. Hapo eksirei ni ya lazima. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden, Ericson na Kurol, waliripoti kwamba walipoing'oa chonge ya utotoni katika umri wa miaka 10 hadi 13, chonge 36 kati ya 46 zilizokuwa zimepotea njia kuelekea kaakaani zilijirekebisha zenyewe. Hii ndiyo sura ya pili ya kung'oa jino la utotoni: baada ya yote niliyosema juu ya kulibakiza, hapa kuling'oa kwa wakati wake kunaweza kumwepusha mtoto na upasuaji wa kulifukua jino na miaka miwili ya waya.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Watoto wetu huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 6 au 7, umri uleule ambao magego ya kwanza ya ukubwani hutoka, na wanapofika darasa la nne wana miaka 9 au 10, umri wa kutafuta chonge kwa kidole. Tabibu wa meno wa wilaya akipanga kuzitembelea shule za jirani zake kwa ajili ya madarasa hayo mawili tu, akiwa na tochi, glavu na vijiti vya mbao, anaweza kuona yote niliyoyaandika hapa: gego la kudumu linaloanza kutoboka, pengo linalofunga, jino lililoota nyuma ya la chini, kidevu kinachoteleza pembeni, uvimbe wa chonge uliokosekana. Kila mtoto apewe karatasi ya kumpelekea mzazi, imwambie wazi kama mtoto asubiri, aje hospitalini kuziba jino, au apelekwe kwa bingwa, na kabla ya mwezi gani.